KUCHAGUA KAMERA YA KWANZA KWA FEDHA KIDOGO
(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Zirai)



Tumepewa kazi ya kusema machache juu ya kamera, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Twajua ya kuwa wengi waliomo humu wameweka akiba kidogo kidogo ili wapate kununua kamera ya kazi, si ya mchezo. Twajua pia fedha hiyo imetoka wapi. Imetoka katika mshahara ule ule unaongojewa na ada na sare za watoto, mbolea ya shamba, wagonjwa na misiba. Kwa hiyo anayenunua vibaya hapotezi chombo peke yake. Hupoteza na miezi mingi ya kujinyima. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuyaseme mambo haya taratibu na kwa hesabu.

Kabla ya kwenda dukani, kila mtu na ajiulize atapiga picha za nini. Kama haja yake ni picha ya mchana, ya watoto uani, ya risiti, ama ya alama za mpaka wa shamba, simu aliyo nayo mkononi yatosha, na ushauri wetu ni kwamba asinunue kitu. Fedha yake ina kazi nyingine. Walakini yuko mwenye haja ya kupiga picha ndani ya nyumba, kanisani au msikitini, harusini wakati wa magharibi, msituni chini ya miti mikubwa, ama uso wa mzee kwa utulivu, na picha hiyo ikuzwe na kutundikwa ukutani. Huyo ndiye anayehitaji kamera yenye lenzi za kubadilisha. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea nuru na kuigeuza kuwa picha. Katika kamera nyingi za namna hii kipande hicho kina upana wa milimita 22 hadi 24 na kimo cha milimita 15 hadi 16; cha simu ni kidogo sana kuliko hicho. Debe na kikombe vikiwekwa uani kwa mvua moja, debe litakinga maji mengi zaidi. Nuru nayo ni hivyo hivyo.

Wako wanaodhani kwamba mwenye fedha kidogo hawezi kufika mbali katika kazi hii. Historia yakataa. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya Brownie, kisanduku kilichouzwa kwa dola 1, na tangu hapo watu wengi wa kipato kidogo wakaanza kupiga picha wenyewe. Hapa Afrika ya Mashariki tunaye Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza na Brownie iliyokwisha tumika, angali mwanafunzi. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix huko huko Dar es Salaam. Na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizoonyeshwa katika televisheni, ziliwaamsha watu wa nchi nyingi kutoa msaada. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara. Kamera yake ya kwanza haikuwa na fahari yoyote.

Lakini tusichukue nusu ya fundisho hilo. Kisanduku kile kilitaka jua, na Dar es Salaam jua si haba. Hapa kwetu Zirai mambo ni mengine: asubuhi ukungu, mchana mawingu, msitu huzuia jua, na ndani ya nyumba nyingi nuru ni ile ya mlangoni. Basi shauri letu kubwa ni hili: mtu wa milimani anunue nuru kwanza, jina la kamera baadaye. Na nuru hununuliwa katika lenzi.

Kila lenzi ina tundu ambalo huweza kupanuliwa na kufinywa, na ukubwa wake huandikwa kwa nambari baada ya herufi f. Nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera kwa kawaida ni ya milimita 18 hadi 55, na ukiivuta mpaka mwisho tundu lake haliwezi kupita f/5.6. Iko lenzi nyingine isiyovutika, ya milimita 50 na tundu la f/1.8, nayo ni miongoni mwa zilizo rahisi kabisa katika orodha za watengenezaji. Tukipiga hesabu, ya pili yapitisha nuru zaidi ya mara 9 kuliko ya kwanza. Maana yake ni nini kwa mtu aliyeketi karibu na dirisha siku ya mawingu? Lenzi ya kwanza yaweza kulazimisha kamera ikae wazi sehemu 1 ya 10 ya sekunde, na mtoto akitikisa kichwa, picha imeharibika. Ya pili, kwa nuru ile ile, yahitaji karibu sehemu 1 ya 90, na uso watoka safi. Katika chumba kidogo milimita 50 hubana, hapo milimita 35 yafaa zaidi. Tena watu wakiwa wengi katika safu mbili, tundu lifinywe kidogo, la sivyo safu ya nyuma haitaonekana wazi.

Wauzaji watawatajia megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazofanya picha. Msitishwe na hesabu hiyo. Karatasi ya A4 ikipigwa chapa kwa nukta 300 katika kila inchi yahitaji nukta 2,480 kwa 3,508, ambazo hazifiki milioni 9. Nikon D3100 ya mwaka 2010 ina milioni 14, na Canon EOS 600D ya mwaka 2011 ina milioni 18. Zote mbili zatosha na kubakiza. Tumezitaja hizi kwa sababu watengenezaji wamekwisha kugeukia kamera mpya zisizo na kioo ndani, na zile za kioo zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Anayetaka Nikon D3100 na aangalie kwamba lenzi imeandikwa AF-S, kwa kuwa kamera hiyo haina mota ya kujivutia lenzi yenyewe, na lenzi ya aina ya zamani atalazimika kuizungusha kwa mkono.

Kununua kitu kilichotumika si aibu. Aibu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi aende mchana, pamoja na tochi na memori kadi yake. Amulike ndani ya lenzi kutoka nyuma: akiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, aiache. Apige picha ya ukuta mweupe au mbingu kwa tundu dogo la f/16, kisha aikuze: madoa meusi ni vumbi lililoingia, nalo laweza kusafishwa, lakini lapunguza bei. Abonyeze kila kitufe, afungue na kufunga mlango wa betri, apige picha ya kitu cha karibu na cha mbali. Aulize kamera imepiga picha ngapi, maana nyingi za daraja hili hukadiriwa kufikisha 100,000 hivi. Mwisho, adai risiti yenye nambari ya kamera. Muuzaji asiyeweza kuandika jina lake katika karatasi, huenda mali hiyo si yake. Na mtumishi wa serikali akikutwa na mali ya wizi, hasara yake haitakuwa ya kamera tu.

Sasa tuje kwenye mgawo wa fedha. Tuseme mwanachama ameweka shilingi 800,000. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo bei ya soko. Twaonyesha namna ya kugawa. Kamera pamoja na lenzi yake ya kawaida, iliyotumika, 400,000. Lenzi ya tundu kubwa, 220,000. Betri ya pili na memori kadi mbili, 100,000. Vifaa vya kuitunza, 30,000. Nauli na akiba ya matengenezo, 50,000. Bei zikipanda, apunguze katika kamera, achukue ya zamani zaidi. Asipunguze katika lenzi, wala asile fungu la kuitunza. Na kama fedha haijatosha, angoje. Twawasihi msikope kwa ajili ya kamera, isipokuwa yule ambaye amekwisha kupata wateja wa kumlipa na amepiga hesabu yake kwa kalamu.

Fungu hilo la kuitunza tumelitaja kwa makusudi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba iliyogeuzwa lenzi huoza. Lugha yetu yaita kwa neno moja ule ukungu unaoshuka milimani na ule unaoota katika mkate na katika kioo, na hapa kwetu wa kwanza ndiye mzazi wa wa pili. Amani, katika milima hii hii, hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu wa namna hiyo hulisha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikikaa hula kioo chenyewe. Dawa yake si ghali. Tafuteni chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, mtie vijipakiti vya silika vinavyokausha hewa, na kamera ilale humo kila usiku. Msiifungie katika mfuko wa ngozi kabatini, kwani ngozi hushika unyevu. Msitumie mchele, kwani vumbi lake huingia kwenye viungo. Jua likitoka, itoeni mpige picha. Kamera inayotumika haishikwi upesi na kuvu. Kadhalika mkishuka kutoka baridi ya huku mpaka joto la Tanga, iacheni ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la mahali. Ikitolewa ghafula, itatoka jasho ndani na nje.

Ndugu wanachama, mwaweza kuuliza kwa nini tujisumbue hivi. Jibu tunalo hapa hapa milimani. Lile ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara lilipewa mwaka 1893 jina la kitaalamu la Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Jina lake limehifadhiwa mpaka leo. Walakini katika picha nyingi za zamani za nchi yetu zilizowekwa Ulaya, chini ya mtu huandikwa kabila au kazi yake, na jina lake halipo. Babu zetu walitazamwa na kamera, lakini kamera haikuwa mikononi mwao. Leo yaweza kuwa mikononi mwetu, na wazee wanaojua habari za milima hii wanazidi kupungua kila mwaka. Tukiwapiga picha kwa ruhusa yao, tukaandika jina, mahali na tarehe siku ile ile, tukaweka nakala mbili mahali pawili, wajukuu hawatakuwa na haja ya kubahatisha.

Kwa hiyo twaleta ombi moja mbele ya mkutano. Wanachama wanaotaka kununua wapatane wachague aina moja, ama Canon ama Nikon, ili lenzi ya mmoja iingie katika kamera ya mwenziwe. Lenzi moja nzuri yaweza kutumika kwa watu watatu kwa zamu, na wote watatu pamoja wakawa wameokoa fedha ya lenzi mbili. Chama hakitatoa hata senti, ila kitatoa daftari la kuandika nani ameazima nini na lini atarudisha. Sisi makarani twajua kuandika daftari.

Bwana Mwenyekiti, tumefika mwisho. Tupo tayari kwa maswali, na atakayekwenda sokoni akataka mtu wa kushika tochi, atupe habari siku mbili kabla.