Gari Lisilo na Dereva na Mtu Anayevuka Barabara



Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa magari yanayojiendesha na jinsi umma unavyoyapokea. Mara nyingi mada hii huishia kwenye swali moja: je, watu watayaamini? Mimi ningependa tuanze upande wa pili. Magari haya yamefundishwa kumtambua nani barabarani, na nani aliulizwa kabla hayajaletwa mtaani kwake?

Habari za uhandisi nitazipitia mbiombio. Machi 2004, DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, iliandaa mashindano katika jangwa la Mojave. Njia ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 220 na zawadi ilikuwa dola milioni 1. Hakuna gari lililomaliza. Lililotia fora, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, lilikwama kabla ya kilomita 12. Mwaka uliofuata magari 5 yalifika mwisho, na gari la Chuo Kikuu cha Stanford lililoitwa Stanley likanyakua zawadi, iliyokuwa imepandishwa hadi dola milioni 2. Mwaka 2009 Google ikaanzisha mradi ambao leo unaitwa Waymo. Tangu Oktoba 2020, mkazi yeyote wa sehemu fulani za Phoenix, Arizona, anaweza kuita teksi kwa simu, ikaja kiti cha dereva kikiwa kitupu.

Kwa hiyo anayesema jambo hili ni ndoto amechelewa. Anayesema kesho litaenea dunia nzima naye anajidanganya. Teksi hizi hufanya kazi katika miji iliyochorwa ramani mtaa kwa mtaa, zikisaidiwa na kamera, rada na miale ya leza, huku kukiwa na watu ofisini wanaoweza kuulizwa gari likikwama. Nje ya mipaka hiyo hazibebi abiria.

Sasa twende Tempe, mji ulio jirani na Phoenix. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilichunguza, na taarifa yake ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta aisome. Vihisi vya gari vilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla ya kumgonga. Muda huo unatosha kufunga breki. Lakini programu ilibabaika: mara ikamhesabu kuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Kila ilipobadili jina, ilisahau alikotoka na ikaanza upya kukisia anakoelekea. Breki za dharura za kiwandani zilikuwa zimezimwa ili zisiingiliane na kompyuta. Mwangalizi aliyewekwa ndani ya gari alikuwa akitazama simu.

Katika taarifa hiyo kuna jambo moja linalonisumbua kuliko yote. Programu haikutengenezwa kuzingatia kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Kivuko hakikuwapo pale, na kwa mashine hiyo hata mtembea kwa miguu hakuwapo.

Je, waandishi wa programu walikuwa wazembe? Kwa sehemu, ndiyo. Ila wazo kwamba mtu havuki pasipo na kivuko hawakulianzisha wao. Mwanahistoria Peter Norton ameeleza kwa kina jinsi barabara za miji ya Marekani zilivyokuwa za kila mtu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20: watoto walicheza humo, wachuuzi waliuza humo, watu walivuka popote. Magari yalipoanza kuua, hasira ya umma iliwaangukia madereva. Mwaka 1923 wakazi wa Cincinnati wapatao 42,000 walitia saini kudai kila gari lifungwe kifaa cha kulizuia lisizidi maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40. Wafanyabiashara wa magari walipiga kampeni kali, na siku ya kura pendekezo likaanguka. Miaka 2 baadaye Los Angeles ikapitisha sheria ndogo ya kuwadhibiti waendao kwa miguu, na miji mingine ikaiga. Kuvuka ovyo kukawa kosa, na lawama ikahama kutoka kwa dereva hadi kwa aliyegongwa.

Programu ya Tempe ilirithi barabara hiyo. Mashine huja na sheria za nchi ilikolelewa, hata kama hakuna aliyeziandika kwa makusudi.

Na nani aliwajibishwa? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema hakuna msingi wa kuishtaki kampuni. Mwangalizi alishtakiwa, akakiri kosa mwaka 2023 na kupewa miaka 3 ya uangalizi.

Ukishajua hayo, mambo ya San Francisco hayakushangazi sana. Agosti 2023 tume ya jimbo la California iliziruhusu kampuni za Waymo na Cruise kubeba abiria kwa malipo usiku na mchana, ingawa uongozi wa jiji ulipinga na zimamoto walilalamika kwamba magari hayo yanawazibia njia kwenye dharura. Wakazi wakagundua kwamba ukiweka koni ya barabarani juu ya boneti, gari linaganda papo hapo. (Nakiri nilicheka nilipoona picha zile.) Oktoba mwaka huohuo, mwanamke aligongwa na gari lenye dereva, akarushwa mbele ya gari la Cruise. Gari hilo likamgonga, likasimama, kisha likajaribu kusogea kando likimburuta takriban mita 6. Jimbo likasimamisha kibali na kuishutumu kampuni kwa kuficha sehemu ya habari. Desemba 2024 General Motors, kampuni mama ya Cruise, ikaacha kugharamia teksi hizo. Februari mwaka huo umati ulikuwa umeliteketeza gari la Waymo katika mtaa wa Chinatown.

Siungi mkono kuchoma mali ya mtu. Lakini wanaosema umma unaogopa teknolojia hawakusikiliza vizuri. Watu walewale hupanda lifti na ndege bila wasiwasi. Kilichowaudhi ni kwamba barabara yao iligeuzwa maabara, na jiji lao halikuwa na kura katika uamuzi huo.

Haki lazima itendeke pande zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, asilimia 92 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nasi tumo. Mashine hailewi, haisinzii, haishindanii abiria. Takwimu za Waymo, za zaidi ya maili milioni 50, zinaonyesha ajali za kujeruhi chache kuliko za madereva wa kawaida katika miji ileile. Nyingi zimechambuliwa na kampuni yenyewe, hivyo nazipokea kwa tahadhari, lakini sizitupi.

Kwetu hapa dereva wa daladala na bodaboda asikose usingizi bado. Ujira wake ni mdogo mno kuliko gharama ya vihisi hivyo. Kinachokuja kinapita bandarini kimyakimya: magari ya mtumba. Japani ilianza kulazimisha breki za dharura za kujifunga zenyewe kwenye aina mpya za magari mwishoni mwa 2021, na magari ya Japani ndiyo tunayoyanunua. Yatafika hapa yakitafuta mistari ya lami iliyofutika, yakikutana na mkokoteni, mama mwenye ndoo kichwani, na pikipiki tatu zikipenya kati ya malori. Breki ikijifunga katikati ya barabara kuu na lori likaligonga gari hilo, bima itamlipa nani? Au fundi wa mtaani akiizima kwa sababu inamkera mwenye gari, nani atajua?

Nawaomba watunga sheria walioko hapa wasisubiri teksi za Phoenix. Waanze na ukaguzi wa magari bandarini, na waandike kwamba anayetembea kwa miguu anabaki na haki yake hata pasipo na kivuko. Nanyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mnaotafuta mada ya mradi: rekodini jinsi watu wetu wanavyovuka barabara kwa kweli, mchana na usiku, masika na kiangazi, na mhifadhi kumbukumbu hizo hapa chuoni. Anayetaka kuanza aje ofisini kwangu Jumatatu.