Gari Linalowaka Likitaka: Kuisaka Hitilafu ya Kuwasha katika Magari ya Zamani

Mada iliyowasilishwa kwa mafundi na madereva, Lizaboni, Manispaa ya Songea



Gari lililogoma moja kwa moja halimsumbui sana fundi. Linakaa hapo, unalipima mpaka unapata jibu. Kinachotutoa jasho ni lile linalokataa alfajiri likiwa limeshapakia mahindi, halafu likivutwa hadi gereji linawaka mara moja mbele ya watu, ikaonekana mwenye gari alikuwa analisingizia. Hapo fundi hukimbilia kubahatisha: weka betri mpya, tuone. Mteja analipa, na wiki inayofuata anarudi na tatizo lilelile.

Hoja yangu ni kwamba hitilafu ya kuja na kuondoka hukamatwa wakati imejitokeza. Shahidi wake wa kwanza ni dereva, kwa hiyo fundi aanze kwa kumhoji kabla hajashika spana.

Muulize kwanza alisikia nini alipozungusha ufunguo. Kimya kabisa? Mlio mmoja wa "ka!" kisha basi? Milio ya haraka ya "kakakaka" huku taa za dashibodi zikififia? Au injini ilizunguka vizuri ila haikushika? Majibu hayo yanatupeleka sehemu tofauti kabisa za gari. Kisha uliza hali ilikuwaje: injini ilikuwa ya baridi au ndiyo kwanza imezimwa baada ya kupanda milima ya barabara ya Mbinga? Mvua ilinyesha usiku? Gari lilielekea mlimani au mteremkoni? Dereva aliyezoea kuandika mambo haya kwenye daftari lake humwokolea fundi nusu ya kazi, na mimi ningependa kila daladala na kila Canter ya hapa iwe na daftari la namna hiyo.

Tuchukue ile milio. "Kakakaka" mara nyingi ni umeme mdogo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha, nayo haistahili kulaumiwa wala kusifiwa mpaka ichajiwe na kupimwa tena. Injini ikiwa inaunguruma, alteneta inapaswa kupandisha kipimo hadi kati ya 13.8 na 14.5. Wakati wa kupiga stata, betri isishuke chini ya volti 9.6 hivi.

Lakini hapa ndipo wengi tunapopotezwa. Betri inasoma vizuri, taa zinawaka kwa mwanga mkali, dereva anaapa umeme upo, na stata haizunguki. Tufanye hesabu. Tuseme waya wa ethi umeota kutu pale unapofungwa kwenye injini, na kutu hiyo imeleta ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa moja ya mbele ya wati 55 inavuta ampea zisizofika 5, hivyo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya volti. Jicho haliwezi kuona upungufu huo. Stata ya dizeli ndogo inaweza kuvuta ampea 200: zidisha kwa 0.02, unapata volti 4 zilizopotea njiani. Stata inabaki na nane au pungufu. Kesho mtikisiko wa barabara ukiisogeza terminali kidogo, gari linawaka, nasi tunasema limepona.

Kwa hiyo pima waya ukiwa na mzigo. Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, kata umeme wa koili au wa pampu ya dizeli ili injini isiwake. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye terminali, na nyingine kwenye mwili wa injini. Mwenzako apige stata. Kipimo kikizidi volti 0.2, ethi ina kasoro. Upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata, mpaka nusu volti inavumilika. Kipimo hiki kinachukua dakika chache na kinagharimu kidogo kuliko betri yoyote mpya.

Mlio mmoja wa "ka!" nyaya zikiwa nzima unatupeleka ndani ya solenoidi. Stata nyingi za Denso kwenye Hilux na Land Cruiser za zamani zina vipande viwili vya shaba na kisahani kinachovigusa ili kupitisha umeme mkubwa. Vipande hivyo huliwa na cheche, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Kisahani nacho hujizungusha kidogo kidogo kila kinapofanya kazi: leo kinagusa penye shaba, kesho penye shimo. Ndiyo sababu unazungusha ufunguo mara sita bila kitu, ya saba likawaka. Kubadilisha vipande ni kazi ndogo. Kumuuzia mteja stata nzima kwa kosa hilo mimi naona si haki. Ikiwa stata huamka ikigongwa, kagua na kaboni zake.

Kimya kabisa ni habari ya swichi ya ufunguo, rilei au, kwa Noah na nyinginezo za gia otomatiki, swichi ya gia. Jaribu kuwasha kwenye N badala ya P. Likikubali, umeshajua pa kuanzia.

Injini ikizunguka bila kushika, achana na stata. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huziumbua plagi za joto za dizeli kuukuu. Pima kila moja peke yake, maana tatu nzima huificha iliyokufa mpaka baridi ije. Asubuhi nyingine tatizo huwa hewa: mafuta yamerudi tangini usiku. Ukisukuma pampu ya mkono juu ya filta na gari likashika upesi, tafuta mpira uliopasuka. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kikiunganishwa kwenye njia ya mafuta, kitakuonyesha mapovu. Kama dizeli imefika na bado haiwaki, angalia umeme kwenye solenoidi ya kukata mafuta. Kwa petroli ya distribyuta, msimu wa mvua fungua kifuniko kwanza, ukikaushe na utafute nyufa.

Neno kwa wanaopiga shoti stata kwa bisibisi: gari likiwa kwenye gia linaruka, na aliye chini yake hana pa kukimbilia. Tafadhali, tuiache njia hiyo.

Baada ya chai tutatoka nje. Kila kundi lichague gari moja kati ya yaliyo kuukuu zaidi uwanjani, lipime ethi yake likipigwa stata, na liandike namba iliyopatikana hata kama gari hilo halijawahi kusumbua.