Figo, Fedha na Bima: Maneno kwa Wakazi wa Kata



Kwa miaka mingi Mtanzania ambaye figo zake zimeshindwa kabisa hakuweza kupandikizwa nyingine mpaka asafirishwe ng'ambo, hasa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Kwa mtu wa Singida, safari ya kuvuka bahari imegeuka safari ya basi ya saa chache.

Umbali wa fedha haukupungua kwa kiasi hicho. Anayesubiri figo husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Baada ya upasuaji humeza dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo hiyo, tena kila siku. Ng'ombe huuzwa kwanza, kisha shamba la alizeti. Fedha za dawa zikikatika, hupotea pia figo ya ndugu aliyejitolea, na hilo halisemwi sana.

CHF iliyoboreshwa ilipangiwa mchango wa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Upandikizaji uko juu ya ngazi hiyo. Hivyo mwalimu mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na jirani yake mkulima wa vitunguu hawakuwa sawa mbele ya ugonjwa mmoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa mkulima huyo.

Fedha ina mlango mwingine, ulio mbaya zaidi. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani viliripoti habari za vijana waliouza figo zao Eldoret, Kenya, kwa wagonjwa wenye mali kutoka nje. Azimio la Istanbul la 2008 linapinga biashara hiyo. Lakini hata kikao cha ukoo kinachomwelekea kijana asiye na mali, eti ndiye atoe, hakina hiari ndani yake. Aulizwe na daktari peke yake, wazee wakiwa nje.

Shinikizo la damu na kisukari huharibu figo za wengi kimyakimya. Vipimo vianzie zahanati. Asiyemudu gharama amwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kuuza mfugo. Anayetaka kujiunga na bima aulize ofisi ya mtendaji wa kijiji angali mzima.