Kerneli Kuukuu Zisitolewe Ghalani Bila Leja

(Mazungumzo kwa makatibu na watunza hesabu wa vyama wanachama, Gerezani, Dar es Salaam)



Chama kimoja cha akiba na mikopo cha wauza vipuri hapa Gerezani kilikaa siku mbili bila kutoa mkopo. Fedha zilikuwapo na wanachama walikuwapo. Kompyuta ya hesabu ndiyo iliyokataa kuwaka.

Kompyuta hiyo hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991. Kiini chake, yaani kerneli, ndicho kinachounganisha programu na mashine. Vifurushi vingine vya programu vikisasishwa, kipya hushika nafasi ya cha zamani. Kerneli sivyo: mpya huwekwa kando ya ile ya zamani, ili mpya ikigoma, mashine iwashwe kwa ya zamani. Fundi wa Gerezani naye hauzi injini kuukuu kabla mpya haijajaribiwa barabarani.

Sehemu ya diski iitwayo /boot, zinamokaa kerneli, mara nyingi ni ndogo. Katika chama hicho ilijaa, usasishaji ukakwama katikati, na karani, kwa nia njema, akafuta mafaili kwa mkono: ya kerneli iliyokuwa ikitumika pamoja na ya akiba. Kutwa nzima mashine ilifanya kazi, kwa kuwa kerneli ilikwisha kupakiwa kwenye kumbukumbu. Umeme ulipokatika usiku, ikawa basi.

Kosa hilo wakaguzi wanalijua kwa sura nyingine: ni kutoa magunia ghalani bila kuandika kwenye leja. Mfumo una leja yake ya vifurushi. Faili likifutwa kwa mkono, leja bado husema limo. Kwa mifumo ya ukoo wa Debian, Ubuntu ikiwemo, amri ya uname -r huonyesha kerneli inayotumika, na apt autoremove hutoa zisizohitajika na kurekebisha leja, ikibakiza inayotumika na iliyo mpya kabisa. Orodha isomwe yote kabla ya kukubali, maana vifurushi visivyo kerneli navyo huingia humo.

Nakala ya hesabu kwanza. Kisha kusasisha, kuwasha upya, kujaribu leja ya wanachama na mashine ya kuchapia stakabadhi. Kufuta ni mwisho. Wako wanaoona ni sifa kompyuta kukaa miezi bila kuwashwa upya. Hao bado wanatumia kerneli ya zamani na kasoro zake, ingawa mpya imo diskini.

Karani alilaumiwa sana. Lakini kamati ndiyo iliyompa nywila kuu bila utaratibu wowote wa maandishi, jambo ambalo isingelifanya kwa ufunguo wa sanduku la fedha. Hesabu zilikutwa salama, kwani zilikuwa sehemu nyingine ya diski. Fundi aliiwasha mashine kwa flashi, akaweka kerneli upya, na jioni ya siku ya pili mkopo wa kwanza ukaandikwa.