Vumbi la Breki na Mikono ya Mfanyakazi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Kamati imenitaka niseme juu ya kusafisha breki na magurudumu. Mimi si daktari. Ni fundi wa mabehewa, na shule yangu ya misheni ilikoma darasa la nane. Nitasema niliyoyaona kazini, pamoja na yale niliyoyasoma nikitafuta sababu yake.

Mwajua kwamba siku za mapumziko vijana wetu wengine huosha magari ya watu ili kuongeza mshahara. Kijana mmoja wa karakana yetu alipewa gari la spoti la tajiri mmoja. Gari lilikuwa limefika sasa hivi, breki zingali na moto. Akapewa dawa ya kusafishia rimu katika chupa isiyo na maandishi, wala glavu hakupewa. Alipoimwaga, mvuke ukampanda usoni na vidole vikalowa. Mchana hakuona kitu. Usiku vidole vikaanza kuuma kama vimetiwa motoni. Alikaa majuma matatu bila kazi, na juu ya hayo mwenye gari akadai alipwe kwa rangi ya breki iliyobabuka.

Ndugu zangu, baadhi ya dawa kali za rimu zina asidi ya floridi. Asidi hii ni mwizi wa usiku. Ikiwa nyepesi, yaweza kukaa saa nyingi bila kuuma, huku inapenya ngozi na kwenda chini hata kwenye mfupa. Ikikugusa, usingoje maumivu. Vua nguo iliyolowa, jimwagie maji mengi papo hapo, kisha nenda hospitali na chupa yenyewe ukawaambie ni asidi gani, maana ina matibabu yake ya kalsiamu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ile haikuhitajiwa hata kidogo. Gari lile lina diski za kaboni na kauri, si za chuma. Porsche waliziweka katika gari lao la 911 GT2 mwaka 2001. Uzito wake ni kama nusu ya diski ya chuma, na hazishiki kutu kama chuma. Kuzisafisha ni hivi:

1. Ngoja zipoe kabisa. Ukiweza kuweka mkono karibu na rimu usisikie joto, anza.

2. Tumia maji, sabuni ya gari isiyo na asidi, na brashi laini. Mpira wa maji yenye nguvu usiuelekeze karibu na diski wala pedi.

3. Nta, grisi na mafuta yasiguse diski wala pedi. Breki yenye mafuta haishiki.

4. Ukitoa gurudumu, funga kwanza pini ndefu ya kuliongoza, lisije likagonga ukingo wa diski. Kauri ikigongwa humeguka, na diski moja ni mshahara wa miezi mingi.

5. Ukimaliza, gari liendeshwe polepole na breki ikanyagwe kidogo kidogo mpaka ikauke. Breki yenye maji huchelewa kushika.

Sasa nirudi kwetu karakanani, maana pale ndipo wengi wetu tupo kila siku. Mimi mwenyewe nilipoingia kazi nilifundishwa kupuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa. Tulitoka pale nyusi zimebadilika rangi, tukacheka. Sikujua tulichekea nini. Miaka mingi pedi na bitana za breki zilitiwa asbesto, na Uingereza haikuipiga marufuku yote mpaka mwaka 1999. Vumbi lake likiingia kifuani huleta saratani, na ugonjwa waweza kujificha miaka 20 hata 40. Pedi ya zamani huwezi kujua kwa macho ina nini. Kwa hiyo tuzihesabu zote kuwa ni za hatari. Tusipulize, wala tusifagie vumbi likiwa kavu. Tulilowanishe kwanza, tulifute kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kitiwe katika mfuko unaofungwa. Tuvae kinyago cha vumbi kinachofaa, si leso. Nguo za kazi zibaki kazini, mtoto asije akakumbatia vumbi la babaye.

Haya si kuomba hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atupe vifaa vya kujikinga na kutueleza hatari ya kazi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yasema mtu akiumia kazini alipwe. Lakini ni lazima uarifu bila kukawia, na maandishi ni bora kuliko mdomo. Kijana wetu hakuandika neno lolote, na leo hana la kuonyesha ila makovu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano ukubali mambo mawili: mwanachama yeyote asitumie dawa ya chupa isiyo na maandishi, na hewa ya kompresa isipulize breki tena. Pedi ikiisha twaenda stoo kuchukua nyingine. Kifua hakiko stoo.