MTOTO ALIYECHELEWA KUSEMA ASIFICHWE

Hotuba ya wazazi iliyosomwa katika kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya Dzaleka, Malawi



Sisi ni wazazi wa watoto waliochelewa kusema. Kila tarehe 16 Juni tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976 walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka siku hii mwaka 1991. Wale walipigania lugha ya kusomea. Watoto wetu bado wanatafuta neno la kwanza, na leo tunasema kwa niaba yao.

Ndugu zetu, mtoto anayechelewa kutembea huonwa na kila mtu. Anayechelewa kusema huambiwa, "Ataongea tu, hata baba yake alichelewa." Wapo ambao kweli huja kuongea. Lakini kwa kungoja tu, mzazi hawezi kujua kama wake ni mmoja wao. Dalili zipo. Akifika mwaka mmoja, ageuke akiitwa jina na atoe sauti kama ba-ba, da-da. Mwaka mmoja na nusu, awe na maneno machache na aonyeshe kitu kwa kidole. Miaka miwili, aunganishe maneno mawili, kama "mama maji". Hayo yasipoonekana, au maneno aliyokuwa nayo yakipotea, mpelekeni kituo cha afya upesi.

La kwanza kuuliza huko ni masikio. Asiyesikia hawezi kuiga sauti. Usaha wa masikio unaorudi rudi, uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa: haya yote yanaweza kudhuru masikio au ubongo. Si uchawi, si laana ya ukoo, wala si kosa la mama. Kumkata mtoto kimio kwa wembe hakumpi maneno. Kunampa kidonda na damu.

Jambo la pili ni lugha. Hapa kambini mtoto husikia Kibembe nyumbani, Kinyarwanda kwa jirani, Kiswahili sokoni, Chichewa na Kiingereza shuleni. Wengi wetu tumeshauriwa kuacha lugha ya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Wataalamu waliochunguza jambo hili wanasema lugha nyingi si chanzo cha kuchelewa. Msemesheni kwa lugha mnayoijua vizuri, na mkihesabu maneno yake, hesabuni ya lugha zote. "Amazi" na "maji" ni maneno mawili.

Waheshimiwa wafanyakazi, mtoto akipimwa kwa lugha asiyoijua atanyamaza, na kimya chake kitaandikwa kuwa upungufu. Tunaomba mkalimani awepo, na mama aulizwe, maana yeye ndiye anayemtazama mchana na usiku.

Nyumbani tunafanya tunayoyaweza. Tunapochagua maharage au kuosha sufuria, tunavitaja vitu kwa majina. Tunamwuliza mtoto, kisha tunasubiri, hatumjibii. Akisema "ji", tunamwambia, "Ndiyo, maji." Kila neno jipya tunaliandika na tarehe yake, kama uzito unavyoandikwa katika pasipoti ya afya. Wapo waliokaa miezi bila neno jipya, kisha yakaja matatu kwa juma moja. Yupo ambaye hajasema hadi leo, lakini sasa anamshika mama yake mkono na kumwonyesha anachotaka. Hiyo nayo ni lugha. Haba na haba hujaza kibaba.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Mtoto asiyesema akipotea sokoni hawezi kutaja jina lake, la mzazi wake wala nyumba yao. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Kila kiongozi wa mtaa awajue watoto hawa kwa majina na nyumba zao.

2. Shule za chekechea zisiwarudishe nyumbani. Mtoto hujifunza kusema kwa kucheza na wanaosema.

3. Majirani wasiwaite "bubu". Kila mmoja ana jina alilopewa na wazazi wake.

Na wewe mzazi uliyemfungia wako ndani kwa kuogopa maneno ya watu, mtoe nje. Njoo tukae pamoja, tuwatazame wote.