Mashine Haiulizi Nani Kaamuru: Viwanda vya Uganda na Hatari za Mtandao

Mhadhara wa umma, Kampala



Ukitaja udukuzi hapa Kampala, watu hushika mifuko yao, na wana sababu. Oktoba 2020 wadukuzi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha mabenki na huduma za pesa za simu, na huduma ya kuhamisha pesa kati ya benki na simu ikabidi isimamishwe. Novemba 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, alikiri bungeni kwamba akaunti za Benki Kuu zilidukuliwa. Magazeti yalitaja shilingi bilioni 62. Mwaka uliofuata, miongoni mwa walioshtakiwa walikuwemo maofisa wa wizara yenyewe. Ndiyo maana semina nyingi za usalama wa mtandao ninazoalikwa mjini hapa huwa ni semina za pesa.

Leo nataka kuzungumzia maziwa.

Maziwa yanayotoka Mbarara na Kiruhura yakifika kiwandani hupashwa joto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupoozwa upesi. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu, vikiwemo vya homa ya brusela ambayo wafugaji wetu wa magharibi wanaijua vizuri kuliko wangependa. Kinachozilinda nyuzi hizo 72 ni kidhibiti, kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita PLC. Kinasoma kipimajoto, kinafungua vali ya mvuke, kinasoma tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, usiku na mchana. Ukitaka kubadilisha joto unakitumia ujumbe mfupi mno: namba ya kifaa, aina ya amri, namba ya rejesta, thamani mpya. Itifaki iliyoenea sana kwa kazi hiyo, Modbus, ilitungwa mwaka 1979, enzi ambayo waya ulianzia chumba hiki na kuishia chumba cha pili. Waliotunga hawakuona haja ya kukifundisha kisanduku kuuliza anayeamuru ni nani. Anayeufikia waya anatiiwa. Akiandika 62 mahali pa 72, itakuwa 62.

Mhandisi wa maziwa atanikatiza hapa: ipo vali ya kurudisha nyuma maziwa ambayo hayajafikia joto. Ni kweli ipo, na ni kinga nzuri pale inapojitegemea. Tatizo ni pale inapopokea amri kutoka kisanduku kile kile kinachodanganywa. Na wadukuzi wanalijua hilo. Mwaka 2017, katika mtambo wa kemikali za petroli huko Saudi Arabia, programu hasidi iliyokuja kuitwa Triton iliingia moja kwa moja katika mfumo wa dharura, ule ambao kazi yake pekee ni kuuzima mtambo kabla haujalipuka. Kilichowaumbua ni kwamba mfumo huo ulizima mtambo, watu wakaanza kutafuta sababu. Miaka saba kabla ya hapo, Stuxnet ilikuwa imegunduliwa: iliharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, huku skrini za waendeshaji zikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Mtasema hizo ni vita za mataifa, na kiwanda cha sabuni cha Kampala kina adui gani? Swali zuri, lakini linadhani kwamba ni lazima uwe na adui. Agosti 2018 kampuni ya TSMC ya Taiwan, inayotengeneza chipu za simu mlizo nazo mifukoni, ilisimamisha mitambo katika viwanda vyake kwa sababu mashine mpya iliunganishwa na mtandao kabla ya kukaguliwa. Ndani yake kulikuwa na aina ya WannaCry, kirusi kilichokwisha kuzunguka dunia mwaka mmoja kabla. Hakuna aliyewalenga. Kirusi kililetwa pamoja na mzigo.

Niwapeleke sasa katika kiwanda kimoja nje kidogo ya mji, nisichokitaja. Getini askari alikagua buti la gari kwa kioo, akaandika namba ya laptopu yangu kwenye daftari kubwa, akanipa beji. Ulinzi wa kuridhisha kabisa. Ndani, pembeni mwa mashine ya kujaza chupa, tulifungua kabati la udhibiti. Kompyuta iliyokuwamo ilitumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitengenezea viraka Januari 2020. Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa, hivyo kwa kompyuta ile bado tulikuwa mwaka 2009. Neno la siri lilibandikwa mlangoni kwa utepe wa karatasi. Na chini kabisa, nyuma ya nyaya, taa ya kijani ya ruta ndogo yenye laini ya simu ilikuwa ikimetameta. Nikamuuliza mkuu wa TEHAMA. Akasema hiyo si yake, ni ya mafundi umeme. Fundi umeme akasema ni ya waliouza mashine.

Ruta ile ndiyo kiini cha mhadhara wangu. Mashine zetu zinatoka Ujerumani, Italia, India, China. Moja ikikwama usiku, kumleta fundi wa kampuni ni viza, tiketi, hoteli na siku nne za kusubiri mkanda ukiwa umelala. Kwa hiyo muuzaji anaacha njia ya kuingilia akiwa kwao, na inafanya kazi vizuri sana. Siwalaumu waliokubali, ningekuwa meneja ningekubali. Ila njia ile iko wazi saa 24, kwa neno la siri ambalo huenda ni hilo hilo kwa wateja wote wa muuzaji, na haimo katika orodha ya mtu yeyote.

Na kwa nini hatusikii kiwanda cha Uganda kilichodukuliwa? Kwa sababu hapa mashine ikizimika tayari tuna mshtakiwa: umeme. Umeme umekatika, umeme umerudi kwa nguvu, kadi imeungua. Kisanduku hakikuwekewa kumbukumbu ya nani aliamuru nini saa ngapi, kwa hiyo hata kama ilikuwa ni amri ya mtu, ushahidi haupo. Kimya chetu kisihesabiwe kuwa ni usalama.

Sheria yetu nayo ilitazama upande mwingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ina kifungu kinachoongeza adhabu kwa anayeshambulia kompyuta zinazolindwa: za ulinzi wa nchi, mawasiliano, mabenki, huduma kama maji na umeme, na usalama wa umma. Kiwanda cha maziwa au cha dawa hakikutajwa kwa jina. Wakili wake itabidi ajibane kwenye "usalama wa umma". Sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mjadala wote ulikuwa juu ya nani kamtukana nani mtandaoni, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu chake cha 25, kile cha mawasiliano ya kuudhi. Ulikuwa mjadala wa haki. Lakini visanduku havikupata hata dakika moja ndani yake.

Walioumia wametuachia mafunzo ambayo hatujalipia. Machi 2019 kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro, yenye wafanyakazi wapatao 35,000, ilipigwa na programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia. Haikulipa. Ilibandika karatasi milangoni kuwaonya wafanyakazi wasiunganishe kompyuta zao, na pale palipowezekana ikaendesha mitambo kwa mikono. Wastaafu waliokumbuka kazi ya makaratasi walirudi kusaidia. Septemba 2025 kampuni ya bia ya Asahi huko Japani ilipofungiwa mifumo yake ya oda na usafirishaji, viwanda vilisimama ingawa kuchemsha kimea hakukuwa na kasoro. Oda zikapokelewa kwa kalamu na faksi. Watu wa viwanda vya bia vya Port Bell na Njeru walitazame hilo kwa makini: ofisi ikizimika, bia haitoki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ghana. Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya ilipofuta kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk duniani kote, seva moja muhimu ilipona kwa sababu ofisi ya Ghana ilikuwa imekatikiwa umeme saa hiyo. Kutoka nakala iliyosalia humo kampuni iliujenga upya mtandao wake. Sisi watu wa jenereta tunaruhusiwa kucheka kidogo. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imejitenga na mtandao, na hicho kinaweza kufanywa makusudi kwa bei ya diski moja na kabati lenye kufuli. Lakini waulizeni wenye viwanda wangapi wanayo programu ya kidhibiti chao wenyewe. Wengi watajibu kwamba anayo muuzaji.

Kwa hiyo, mkataba unaofuata wa mashine useme wazi: programu ya kidhibiti inakabidhiwa pamoja na mashine. Ruta ya muuzaji iwe na swichi ya ufunguo, ufunguo ukae kwa mkuu wa zamu, na kila ikiwashwa saa iandikwe kwenye daftari, kama askari alivyoandika laptopu yangu. Mtandao wa ofisi na wa mashine utenganishwe. Na yule mzee anayejua kufungua vali ya mvuke kwa mkono na kusoma geji kwa jicho asistaafishwe kabla hajafundisha vijana wawili. Ujuzi wake ni sehemu ya ulinzi wa kiwanda, na ni ujuzi tunaoupoteza kwa kasi kila tunapofunga skrini mpya.

Sisi wa chuo tuna deni pia. Hapa Makerere wanaosomea mashine wako CEDAT, kitivo cha uhandisi, wanaosomea mitandao wako COCIS, kitivo cha kompyuta, na wengi hukutana kwa mara ya kwanza kazini, kila mmoja akidhani ruta ni ya mwenzake. Tunahitaji maabara moja ya pamoja yenye vidhibiti halisi ambavyo wanafunzi wataruhusiwa kuvivunja. Vipya ni ghali. Basi ninyi mnaobadilisha makabati ya zamani na kuyauza Katwe kama vyuma chakavu, tupigieni simu kwanza. Bei ya Katwe tutailipa, na gari la kuyabeba tutalileta wenyewe.